Dawa ya Bomba si Dawa ya Mtu

Somo la leo: Namna gesi inavyozuiwa isigande ndani ya bomba

Katika lugha yetu neno "dawa" lina kazi nyingi. Kuna dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya mende na dawa ya viatu. Zote tunaziita dawa. Lakini hakuna mtu mwenye akili timamu anayekunywa dawa ya viatu.

Leo tutajifunza juu ya dawa nyingine. Hii ni dawa ya bomba la gesi. Kazi yake ni kuzuia gesi isigande na kuziba bomba. Ni dawa nzuri sana kwa bomba. Kwa mtu ni sumu kali.

Labda utasema, "Mimi ninakaa Rungwe, au Mufindi, au Mbozi. Bahari iko mbali. Gesi ya baharini inanihusu nini?" Inakuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, gesi ile ni mali ya nchi yako. Pili, vitu vinavyotumika kama dawa ya bomba vinafika mpaka kijijini kwetu. Vimo katika rejeta za magari. Vinasafirishwa katika mapipa na malori. Usipovijua vinaweza kukuua. Basi tuanze.

BOMBA LINAZIBA KWA NINI?

Wengi wetu tunalijua bomba la TAZAMA. Lilianza kazi mwaka 1968. Linatoka Dar es Salaam, linapita katika mikoa yetu, linakwenda mpaka Ndola, Zambia. Urefu wake ni kilomita 1,710. Bomba lile ni la mafuta. Bomba la gesi nalo ni la chuma vilevile, lakini lina adui wake wa peke yake.

Gesi inapotoka ardhini haitoki kavu. Hutoka pamoja na maji. Mengine ni mvuke, mengine ni matone. Sasa, vitu vinne vikikutana ndani ya bomba, shida huanza. Vitu hivyo ni:

1. Gesi.
2. Maji.
3. Mgandamizo mkubwa, au presha kama tunavyosema.
4. Baridi.

Vikikutana hivyo, maji na gesi hushikana na kuganda. Hutokea kitu cheupe kama barafu au theluji. Wataalamu hukiita haidreti ya gesi.

Haidreti si barafu ya kawaida. Umeona tenga la kubebea kuku? Chembe ndogo kabisa za maji hujisuka kama tenga. Chembe ya gesi hukaa ndani, kama kuku. Matenga mengi hushikana yakawa bonge gumu. Ukichukua kipande chake na kukiwasha kiberiti, kinawaka, kwa sababu gesi imo ndani. Debe moja la haidreti likiyeyuka hutoa gesi ya kujaza madebe kama 160. Tenga dogo, kuku wengi!

Jambo la kushangaza ni hili. Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0 za sentigredi. Lakini haidreti, ikiwa presha ni kubwa, huweza kuganda hata kwenye nyuzi 15. Hiyo si baridi kali. Mwezi wa Julai, usiku wa Mbeya mjini hushuka hata nyuzi 6, na watu wanalala vizuri kwa blanketi.

Zamani watu hawakujua jambo hili. Mabomba ya gesi huko Marekani yalikuwa yakiziba, nao wakadhani ni barafu ya kawaida. Mwaka 1934 mtaalamu aitwaye Hammerschmidt alionyesha kwamba kinachoziba ni haidreti. Tangu hapo watu walianza kutafuta dawa yake kwa bidii.

BONGE LA HAIDRETI NI HATARI

Bomba likiziba gesi haipiti. Hiyo ni hasara. Lakini hatari kubwa ni wakati wa kuzibua. Fundi akipunguza presha upande mmoja tu, presha ya upande wa pili hulisukuma bonge. Bonge hutoka mbio kama risasi. Huweza kupasua bomba na kuua watu. Kwa hiyo mafundi hufundishwa kupunguza presha pande zote mbili, polepole, bila haraka.

Tuchukue mfano wa kweli. Tarehe 20 Aprili 1910 ilikuwa bado. Watu hawakuwa wakichimba mafuta katika bahari ya kina kirefu. Miaka 100 baadaye, tarehe 20 Aprili 2010, mtambo wa kuchimba mafuta uitwao Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko, Marekani. Wafanyakazi 11 walikufa. Mafuta na gesi vikawa vinamwagika chini ya bahari, kwenye kina cha meta kama 1,500.

Mwezi wa Mei mafundi walishusha kifuniko kikubwa cha chuma ili kuyakinga mafuta yale. Hawakufanikiwa. Gesi ilikutana na maji baridi ya chini ya bahari, ikaganda kuwa haidreti. Haidreti ikajaa ndani ya kifuniko na kuziba tundu la kupitishia mafuta. Ikabidi kifuniko kiwekwe kando. Baadaye walipotumia vifaa vingine, waliingiza methanoli ili haidreti isigande tena. Hiyo methanoli ndiyo mojawapo ya dawa tunazojifunza leo.

JARIBIO LA SAKITU

Kabla ya kwenda mbele tufanye jaribio. Linafaa kwa wenzetu wa sehemu za baridi kali, kama Uporoto, Kitulo, Makete na Njombe. (Makete na Njombe zilikuwa katika Mkoa wa Iringa mpaka mwaka 2012, ulipoundwa Mkoa wa Njombe.) Huko mwezi wa Juni na Julai huanguka sakitu, yaani ile barafu nyembamba nyeupe inayokaa juu ya majani alfajiri na kuunguza viazi.

Chukua sahani mbili za bati. Tia glasi moja ya maji katika kila sahani. Katika sahani ya pili ongeza vijiko viwili vya chakula vya chumvi, koroga mpaka chumvi iyeyuke yote. Usiku usio na mawingu ziweke sahani zote mbili nje, juu ya majani, mahali pa wazi bondeni. Amka mapema kabla jua halijatoka.

Sakitu ikianguka sawasawa, utakuta maji matupu yameshika barafu. Maji ya chumvi hayakuganda.

Kwa nini? Maji yakitaka kuganda, chembe zake hushikana mikono na kujipanga. Chumvi inaingia katikati na kuwaharibia mpango. Ili yagande, baridi lazima izidi sana. Dawa ya bomba hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Hata chumvi yenyewe huzuia haidreti, lakini inakula chuma. Ndiyo maana mafundi hutafuta kitu kingine.

DAWA ZENYEWE NI ZIPI?

Kuna aina tatu.

Aina ya kwanza ni methanoli na glaikoli. Hizi hushika chembe za maji mikono. Maji yakishikwa mikono hayawezi kusuka tenga. Methanoli ni nyepesi kama spiriti. Huchemka upesi, kwenye nyuzi 65. Ni rahisi kuiingiza, na hutumika hasa mitambo inapowashwa au bonge likitaka kuyeyushwa. Ila nyingine hupotea pamoja na gesi. Glaikoli ni nzito kidogo na inateleza. Huchemka kwenye nyuzi kama 197. Kwa kuwa maji huchemka mapema kuliko glaikoli, mafundi huichemsha ili maji yatoke, kisha huitumia tena. Inakwenda na kurudi kama chupa za soda.

Aina hii hutakiwa kwa wingi. Pengine huwa nusu kwa nusu na maji. Tufanye hesabu kidogo. Ikiwa bomba linaleta maji lita 40 kila saa, na dawa inatakiwa nusu kwa nusu, basi zinatakiwa lita 40 za dawa kila saa. Kwa siku moja ni 40 mara 24, yaani lita 960. Hayo ni madumu 48 ya lita 20! Huu ni mfano wa kujifunzia tu, lakini unaonyesha kwa nini viwanda huweka dawa hizi kwa mapipa na matangi.

Aina ya pili ni dawa ya kuchelewesha. Hii haizuii kabisa. Inafanya haidreti ichelewe kuanza, hata gesi iwe imekwisha kufika. Ni kama kumchelewesha mwizi mlangoni mpaka kupambazuke.

Aina ya tatu ni dawa ya kuzuia mabonge. Akina mama wanaelewa jambo hili upesi. Ukipika uji bila kukoroga, unga hushikana ukawa madonge. Ukikoroga vizuri, unga umo lakini uji unamiminika. Dawa hii inaruhusu punje ndogo za haidreti zitokee, lakini hazishikani. Zinapita pamoja na mafuta kama uji mwepesi.

Aina ya pili na ya tatu hutumika kwa kiasi kidogo. Mara nyingi hazifiki hata lita 3 kwa lita 100 za maji.

Dawa si njia ya peke yake. Mafundi pia hukausha gesi, hulifunika bomba ili joto lisitoke, au hupunguza presha. Ukiondoa kimoja katika vile vitu vinne, haidreti haitokei.

GESI YETU

Nchini kwetu gesi iligunduliwa kwanza Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974. Mwaka 1982 ikagunduliwa Mnazi Bay, Mtwara. Gesi ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam mwaka 2004 na kuanza kuzalisha umeme. Mwaka 2015 lilizinduliwa bomba kubwa la kutoka Mtwara mpaka Dar es Salaam. Pamoja na tawi la Songo Songo, bomba hilo lina urefu wa zaidi ya kilomita 500. Huko Madimba, Mtwara, kuna mitambo ya kusafisha gesi na kuondoa maji kabla haijaanza safari. Gesi kavu haina maji ya kusukia tenga.

Lakini sehemu kubwa ya gesi iliyogunduliwa nchini iko chini ya bahari ya kina kirefu. Mwaka 2012 kampuni ya Statoil ya Norwei, ambayo tangu 2018 huitwa Equinor, ilitangaza kuipata gesi mahali palipopewa jina la Zafarani. Kina cha bahari pale ni meta kama 2,500. Maji ya huko chini ni baridi kama ya mtungi uliolala nje Kitulo, nyuzi chache tu juu ya 0. Presha ya maji ni kama mara 250 ya presha ya hewa ya pwani. Gesi ipo, maji yapo, presha ipo, baridi ipo. Vile vitu vinne vyote vimekutana.

Je, inawezekana kuitoa gesi ya namna hiyo? Inawezekana. Huko Norwei kuna mahali paitwapo Snøhvit. Tangu mwaka 2007 gesi ya hapo imekuwa ikiletwa nchi kavu kwa bomba la kilomita kama 143 chini ya bahari ya baridi. Glaikoli hupelekwa kisimani kwa bomba dogo, inarudi pamoja na gesi, inachemshwa, inapelekwa tena.

Hata gesi ya hewa ukaa, ile inayotoka ardhini Rungwe na kutiwa katika soda, huweza kutengeneza haidreti ikikutana na maji, presha na baridi. Kwa hiyo elimu hii si ya watu wa pwani peke yao.

SASA TUJE KWA MTU

Ndugu msomaji, hapa usome polepole. Msomee na mwenzako asiyejua kusoma.

Methanoli inafanana na pombe kali. Rangi yake ni kama maji. Harufu yake ni kama pombe. Huwezi kuitambua kwa kuonja wala kwa kunusa. Ni mkemia katika maabara tu anayeweza kuipima kwa hakika. Ikiingia tumboni, mwili huigeuza kuwa asidi ya fomiki. Asidi hiyo huharibu macho. Vijiko vichache tu vinaweza kumpofua mtu mzima, na zaidi kidogo huua.

Ubaya wake ni kwamba haikamati upesi. Mtu anakunywa jioni, analala. Kesho yake kichwa kinauma, tumbo linauma, anatapika. Macho yanaona ukungu au weupe kama theluji. Wenzake wanasema, "Ni uchovu wa pombe tu, mwacheni alale." Wakimwacha anaweza kufa.

Jambo hili limetokea kwa jirani zetu. Novemba 2000, mjini Nairobi, Kenya, watu zaidi ya 100 walikufa baada ya kunywa pombe ya magendo iliyotiwa methanoli. Aprili 2010, huko Kabale, Uganda, watu wengi walikufa kwa sababu hiyohiyo. Ulanzi, komoni na kimpumu za asili hazitiwi methanoli. Lakini mtu mwenye tamaa anaweza kuiongeza katika gongo ili ipate ukali. Wewe unayekunywa hutajua.

Glaikoli nayo ina mtego wake. Ni tamu. Mtoto akiionja ataitaka tena. Glaikoli iko katika maji ya rangi yanayotiwa kwenye rejeta, ambayo watu wa gereji huyaita kulanti. Mtu akiinywa, kwanza huonekana kama mlevi. Siku zinazofuata figo zake hushindwa kazi. Mwaka 2022 huko Gambia, watoto kama 70 walikufa kwa kuharibika figo. Dawa za maji za kikohozi na homa zilikutwa na glaikoli za viwandani ndani yake.

Unaona basi? Kitu kilekile kinachookoa bomba kinaua mtoto.

TUFANYE NINI KIJIJINI?

Moja. Usinunue dumu au pipa lililobeba kemikali ili utie maji, mafuta ya kula au pombe. Hata ukiliosha kwa sabuni mara kumi, huna hakika. Kama hujui lilibeba nini, liache.

Mbili. Usihifadhi kulanti, spiriti wala dawa yoyote ya namna hiyo katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto anajua chupa ya soda ni ya soda.

Tatu. Lori likipinduka barabarani, usikimbilie kuchota. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka. Watu walikwenda kuchota, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Barabara ya kwenda Tunduma inapitisha malori mengi yenye vitu vya kila aina. Na moto wa methanoli mchana hauonekani vizuri. Unaweza kuukanyaga kabla hujauona. Kaa mbali, zuia watoto, mwite mtendaji wa kijiji na polisi.

Nne. Mtungi wa gesi ya kupikia ukishika umande au barafu kwa nje, hiyo si haidreti iliyoziba. Gesi inapotoka kwa wingi hupoza chuma. Punguza moto wa jiko, usubiri. Usiuweke mtungi karibu na moto ili upate joto. Usijaribu kutia kitu chochote ndani yake.

Tano. Mtu akinywa kitu unachokitilia shaka, mpeleke zahanati au hospitali mara moja, hata kama bado anacheka. Usingoje macho yaume. Usimtapishe, usimpe pombe nyingine wala dawa za kienyeji. Chukua chombo alichonywea, mwonyeshe mganga. Hospitali zipo dawa zinazoweza kuizuia sumu, ila saa zikipita haziwezi kurudisha macho yaliyokwisha haribika.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mafundi wa gesi wanatia dawa kabla bomba halijaziba. Nasi tutie elimu kabla ya msiba.

MANENO YA KUKUMBUKA

Haidreti: maji na gesi vilivyoshikana vikaganda.
Methanoli: aina ya spiriti ya viwandani. Ni sumu.
Glaikoli: kitu cha majimaji, kitamu, cha kuzuia kuganda. Ni sumu.
Sakitu: barafu nyembamba inayokaa juu ya majani wakati wa baridi kali.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja vitu vinne vinavyofanya haidreti itokee.
2. Kwa nini maji ya chumvi hayakuganda katika jaribio letu?
3. Bomba linaleta maji lita 25 kwa saa. Dawa inatakiwa nusu kwa nusu. Zinatakiwa lita ngapi za dawa kwa saa 8?
4. Jirani yako alikunywa gongo jana. Leo anasema anaona ukungu. Utafanya nini?

KAZI YA KIKUNDI

Kila mmoja aangalie madumu na chupa za nyumbani kwake. Je, kila chombo unajua kilibeba nini mwanzo? Mkutane, mjadiliane, na msomeeni somo hili mtu mmoja ambaye hakuhudhuria.